Tenda Wema, Nenda Zako?

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya Kiswahili, mwalimu wa fasihi simulizi alituandikia ubaoni methali kumi, akataka kila mmoja wetu aeleze moja. Mimi niliangukiwa na "Tenda wema nenda zako." Kiswahili si lugha ya nyumbani kwetu. Nilizaliwa Rakai, kusini mwa Uganda, na Kiswahili nilichokuwa nacho wakati huo kilikuwa cha redio na cha madereva wa malori wanaopitia Mutukula. Basi nikaeleza kwamba methali hii inamruhusu mtu mwema kuondoka anapotaka: ukishatenda wema umemaliza, huna deni, jiondokee. Darasa zima likacheka. Mwalimu akanisahihisha kwa upole kwamba maana yake ni kutosubiri shukrani, wala haihusu kumtupa mtu uliyemsaidia.

Nilikubali sahihisho. Lakini tangu mwanzo wa mwaka 2025 nimekuwa nikifikiri kwamba ndani ya kosa langu lile kulikuwa na swali ambalo halikujibiwa. Aliyetenda wema kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu, je, anaweza kumkosea aliyetendewa kwa kuacha tu?

Msomaji anajua yaliyotokea, ila nitayakumbusha kwa ufupi. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Siku chache baadaye, miradi katika nchi nyingi ilipokea maagizo ya kuacha kazi mara moja. Tarehe 28 Januari, Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba misaada ya kuokoa maisha inaruhusiwa kuendelea. Ruhusa hiyo ilikuwa ya kweli kwenye karatasi, lakini waliopaswa kuitekeleza wengi walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani, na fedha hazikuwa zikitoka. Tarehe 10 Machi, Rubio alisema asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Kufikia tarehe 1 Julai, shirika hilo lililoanzishwa na Rais John F. Kennedy mwaka 1961 lilikuwa limefungwa, na kilichobaki kikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Kwetu Rakai habari hizi hazikuja kama siasa za mbali. Ni katika eneo letu, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero kando ya Ziwa Viktoria, ambako ugonjwa ulioitwa silimu ulitambuliwa mapema sana nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee wanakumbuka makaburi ya miaka ile. Vijana wa rika langu tunakumbuka kitu kingine: dawa. Senga wangu, yaani dada ya baba, ameishi na virusi vya UKIMWI tangu kabla sijaanza shule, na amemeza vidonge vyake kila jioni kwa takribani miaka ishirini. Kwa miaka kadhaa alikuwa pia akilipwa posho ndogo na mradi mmoja ili awasaidie wagonjwa wenzake. Kazi yake ilikuwa kupiga simu. Mtu akikosa siku yake ya kuchukua dawa, senga anampigia. Asipopokea, senga anapanda baiskeli na kumfuata nyumbani. Anajua nani amemficha mumewe vidonge ndani ya debe la unga, na nani ameacha kuja kwa sababu ya nauli. Jumatatu moja mwishoni mwa Januari aliambiwa asije tena, na baiskeli airudishe.

Nilikwenda nyumbani mwezi uliofuata nikiwa nimejaa hasira ya mwanachuo. Nilitegemea kumkuta senga naye ana hasira kama yangu. Nitarudi kwa aliyoniambia, kwa maana ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. Kwanza niupe upande wa pili haki yake.

Upande wa pili una hoja, na si hoja dhaifu. Fedha zile ni kodi za Wamarekani. Mfanyakazi wa kiwanda Ohio hakuniuliza mimi kabla ya kukatwa mshahara wake, na mimi sina kura katika nchi yake. Akimchagua kiongozi aliyeahidi waziwazi kuiweka Marekani kwanza, na kiongozi huyo akafanya alichoahidi, nani amedhulumiwa? Ni kweli kwamba kura za maoni zimeonyesha mara nyingi kuwa Wamarekani hukisia misaada ya nje inakula karibu robo ya bajeti ya serikali yao, wakati ni kiasi cha asilimia moja tu. Lakini kukosea hesabu hakumwondolei mtu umiliki wa mali yake. Mwenye mali anaweza kuwa mchoyo na bado mali ikabaki yake.

Hoja hiyo ilipata hata sura ya kidini. Mwishoni mwa Januari, Makamu wa Rais JD Vance, akitetea sera za uhamiaji za serikali yake, alisema upendo una mpangilio: mtu hupenda kwanza familia yake, kisha jirani yake, kisha jamii yake, kisha raia wenzake, na baada ya hapo ndipo dunia nyingine. Ni fundisho la zamani ambalo Wakatoliki hulipata kwa Augustino na Tomaso wa Akwino. Tarehe 10 Februari, Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani barua, akasema mpangilio wa kweli wa upendo unaonekana kwa kutafakari mfano wa Msamaria mwema. Rafiki zangu walishangilia barua hiyo. Mimi nilishangilia nusu tu. Msamaria alimkuta mtu barabarani akamsaidia, na mfano unatufundisha kutopita pembeni kama wale wawili wa kwanza. Haukutuambia ingekuwaje kama Msamaria angempakia majeruhi juu ya punda, akafika naye katikati ya nyika, halafu akamshusha kwa sababu amekumbuka watoto wake nyumbani.

Mwanafalsafa Peter Singer naye aliandika mwaka 1972 insha ambayo wanafunzi wa falsafa bado wanaisoma. Anasema ukipita karibu na bwawa ukamwona mtoto anazama, unawajibika kuingia majini hata kama nguo zako zitachafuka. Na umbali haubadilishi wajibu huo. Wengi wanaitumia hoja hiyo kuilaumu Marekani leo. Nadhani wanatumia silaha isiyo ya vita hivi. Singer anasema juu ya anayepita. Marekani haikupita. Marekani iliingia majini.

Nieleze kwa mfano wa kwetu. Mto umefurika. Mtu mwenye nguvu yuko ukingoni, na mgonjwa anataka kuvuka. Mwenye nguvu akikataa kumbeba, tutamwita mbaya, labda, lakini mgonjwa amebaki pale alipokuwa, na anaweza kutafuta mwingine, au kungoja, au kurudi. Sasa mwenye nguvu amekubali. Amemweka mgonjwa mgongoni, wameingia, maji yamefika kifuani. Hapo katikati hawezi tena kusema, "Mgongo ni wangu." Mgongo ni wake kweli, na ulikuwa wake ukingoni pia. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwingine ameacha njia zake nyingine zote kwa kumtegemea yeye. Kumshusha pale kuna jina tofauti na kutombeba.

Dawa za virusi vya UKIMWI ni mto wa namna hiyo hasa. Anayeanza kuzimeza anazimeza kila siku, maisha yake yote. Akiziacha, virusi vilivyokuwa vimelazwa vinaamka, na akizimeza kwa kukatiza vinaweza kujifunza kuzishinda. Mama anayenyonyesha akizikosa, mtoto yuko hatarini. Serikali ya Marekani ilijua hivyo ilipoanza. Rais George W. Bush alipotangaza mpango wa PEPFAR mbele ya Kongresi tarehe 28 Januari 2003, aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na mwezi Julai mwaka huo alifika Entebbe akatembelea kituo cha TASO, shirika ambalo Waganda wenyewe walilianzisha mwaka 1987 kabla dawa hazijapatikana. Hakuwa anagawa mahindi ya msimu mmoja. Alikuwa anaanzisha jambo ambalo kwa asili yake halina siku ya mwisho. Na lilifanya kazi: mpango huo unahesabiwa kuwa umeokoa maisha ya watu milioni 25, na senga wangu ni mmoja wao. Simwonei aibu Bush kwa kumshukuru. Namshukuru.

Hapa ndugu mmoja tunayesoma naye, kijana wa Gulu, alinipinga. Alisema ninaipamba Marekani kupita kiasi. Haikuwa hisani, ilikuwa biashara. Kennedy aliianzisha USAID wakati wa Vita Baridi, akishindana na Wasovieti kwa mioyo ya nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Misaada ilikuja na magunia yenye bendera, na mabalozi walihesabu nani amepiga kura upande gani Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo, alisema, tusilie kama yatima. Mnunuzi amehama duka, basi.

Nilimjibu kwamba akishinda yeye, hoja yangu inapata nguvu zaidi. Kama ilikuwa hisani tupu, mtu anaweza angalau kubishana kuhusu hiari. Kama ilikuwa mapatano, nasi tukatoa upande wetu, tukatoa urafiki, vituo, kura, ukimya wetu katika mambo fulani, basi aliyevunja mapatano bila taarifa ana jina lake hata sokoni. Methali yetu inamwambia mtenda wema asingoje shukrani. Aliyengoja shukrani, tena akazipokea kwa miaka sitini, hawezi kuja kusema alikuwa anajiendea zake.

Kuna jambo moja la mahakamani ambalo halikuzungumzwa sana kwetu, nami nalikumbuka kuliko mengine. Makampuni na mashirika yaliyokuwa na mikataba na USAID yalishitaki kwa kutolipwa kazi ambayo yalikuwa yameshaifanya. Tarehe 5 Machi 2025, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa kuizuia amri ya jaji wa chini aliyetaka serikali ilipe, na fedha zenyewe zilikuwa karibu dola bilioni mbili. Ni haki kabisa; aliyefanya kazi alipwe. Lakini tazama nani alisimama mbele ya mahakama na nani hakuweza kusimama. Mwenye mkataba alikuwa na pa kwenda. Senga ana kadi ya kliniki ya rangi ya kijani iliyokunjwa mara nne, yenye tarehe za miaka na miaka, kila tarehe ikisema "rudi siku fulani." Kwangu mimi kadi ile nayo ni ahadi iliyoandikwa, na mwandishi alijua kwamba msomaji wake ataipangia maisha. Hakuna jaji mahali popote duniani anayeweza kuisoma hivyo.

Mpaka hapa nimekuwa nikimsema mbebaji. Sasa nigeuke, maana mfano wangu wa mto una tundu, na afadhali nilionyeshe mwenyewe kabla ya kuonyeshwa.

Mto gani huu unaovukwa kwa miaka ishirini na miwili? Ukibebwa muda wote huo na ng'ambo haijaonekana, ni haki mbebaji aulize kama kuna ng'ambo. Mwezi Aprili mwaka 2001, miaka miwili kabla ya PEPFAR, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Uganda ilikuwamo. Uganda haijawahi kufikia asilimia hiyo. Ni ahadi iliyotolewa na watu wetu, kwa ajili yetu, kwa fedha zetu, na haikuvunjwa kwa amri ya siku moja. Ilivunjwa kimya kimya, bajeti baada ya bajeti, na kila mwaka sababu ilikuwa ile ile isiyotamkwa: Mmarekani atalipa. Barabara zilipata fedha. Ulinzi ulipata. Wabunge walipata magari. Nami sikumbuki hata siku moja tulipoandamana chuoni kwa ajili ya dawa za ARV, ingawa tumeandamana kwa ajili ya ada.

Kwa hiyo Vance anaponiambia upendo huanzia nyumbani, sina budi kuuliza nyumbani kwa nani. Akiwa sahihi, mwenye wajibu wa kwanza kwa senga ni mimi, ni baba yangu, ni diwani wetu, ni waziri wa fedha pale Kampala. Fundisho lile lile lililotumika kuhalalisha kuondoka kwao linatukamata sisi shingoni. Wenzangu wengi hawapendi nikisema hivi, wanaona ninamsaidia aliyetukosea. Sioni hivyo. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" ni methali inayomwonya mtegemeaji, na ni kweli. Haimwambii ndugu kwamba anaweza kunyakua sahani katikati ya mlo. Mtu anaweza kukosewa na huku yeye mwenyewe akawa na kosa lake, na makosa mawili hayafutani kama namba za hisabati.

Baada ya Januari, Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki za UKIMWI ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kwa upande wa fedha ni busara, na pengine ilipaswa kufanyika zamani. Kwa upande wa mgonjwa, ni kukaa benchi moja na jirani wa kijijini ambaye hukumwambia. Sasa wale waliokuwa wakipokewa na mtu kama senga, anayejua nani ameficha dawa kwenye unga, wanapokewa na muuguzi mwenye foleni ya watu sitini.

Sasa nirudi kwa senga. Tulikaa barazani jioni, akanisikiliza nikimsema Trump, nikimsema Rubio, nikimsema yule tajiri wa magari ya umeme aliyekuwa akisimamia kufungwa kwa mashirika. Alimaliza kumenya ndizi zake kwanza.

"Mwanangu," alisema, "mimi siwakasirikii kwa kuacha. Hata mgeni mwema hulala siku ngapi? Wameniweka hai nimekuona ukienda chuo kikuu. Ninachowakasirikia ni kwamba hawakuaga."

Nilifikiri anasema juu ya adabu. Baadaye, nikiwa kwenye basi la kurudi Kampala, niliona kwamba amelijibu swali langu kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Kwetu mgeni hatoki nyumbani bila kuaga, na kuaga si neno moja la mlangoni. Mgeni anasema mapema, "Kesho kutwa naondoka." Mwenyeji anapata muda. Anamtafutia kitu cha kubeba, anamtuma mtoto amwite fulani aje wamalizane jambo walilokuwa wamelianza, anampanga mtu mwingine kwa kazi ambayo mgeni alikuwa akiifanya. Siku yenyewe mwenyeji anamsindikiza hadi njia panda. Mgeni anaondoka, na haki yake ya kuondoka hakuna anayeigusa, lakini nyumba inabaki imesimama. Anayetoroka usiku amefanya tendo jingine kabisa, hata kama wote wawili asubuhi hawapo.

Na kuaga kuliwezekana. Hili ndilo linalonifanya niite kilichotokea kosa badala ya bahati mbaya. Mwezi Julai 2025, Kongresi ilipofuta karibu dola bilioni tisa ilizokuwa imekwisha kuziidhinisha, nyingi zikiwa za misaada ya nje, maseneta walikataa kuigusa PEPFAR, wakaondoa kwenye orodha dola milioni 400 zilizokuwa zikatwe. Maana yake, wapo huko waliotambua tofauti kati ya kutotoa na kumwangusha mtu. Halafu mwezi Desemba mwaka huo huo, serikali hiyo hiyo ya Trump ilitia saini mapatano ya afya ya miaka mitano na Kenya, kisha na Uganda, kwa sharti kwamba nchi zetu ziongeze sehemu yao. Mtu anaweza kuwa na mashaka na mapatano hayo, na Wakenya wamekuwa nayo hadi mahakamani kwa sababu ya taarifa za wagonjwa. Lakini ndani yake kuna tarehe, kuna hesabu, kuna muda wa kujipanga. Ni kuaga. Kulikuja miezi kumi na moja baada ya mgeni kutoroka, na katika miezi ile kuna watu hawakusubiri.

Ninajua swali la mhakiki: je, kama wangeaga vizuri mwaka 2015, tungejipanga? Abuja inanifanya nisite kujibu ndiyo. Huenda tungemwambia mgeni, "Kaa kidogo," tukaendelea kununua magari. Lakini mwenyeji mvivu naye huagwa. Taarifa hatolewi kwa sababu ataitumia vizuri. Anapewa kwa sababu maisha yaliyo hatarini ni ya watu walio nyumbani mwake, wengi wao watoto, ambao hawakupanga bajeti yoyote.

Mara ya mwisho nilipokwenda Rakai, senga alikuwa bado hana kazi. Baiskeli aliirudisha, lakini daftari la majina hakulirudisha; alisema hakuna aliyeliuliza. Jioni alilifungua juu ya mkeka, akavaa miwani, akaniomba nimnunulie muda wa maongezi wa shilingi elfu mbili. Kisha akaanza kupiga, jina kwa jina, kuanzia wale ambao hawakuonekana tangu mwezi uliopita.